Achilles kazira, rafiki kafa: huyu nimfundisheje kama shujaa?

Mwl wa Ujiji

Wadau wa fasihi habari za jioni. Nafundisha sekondari moja huku Kigoma na tangu mwezi uliopita nina kikundi cha wanafunzi kama kumi na mbili, vipindi vikiisha tunabaki tunakaa chini ya mwembe, nafungua Iliad ya Homer, ule utenzi wa kale wa Wagiriki, kwenye simu, najisomea Kiingereza chake halafu nawasimulia kwa Kiswahili. Ina vitabu 24, kila siku tunajitahidi kimoja. Wanaipenda mno, kuna mmoja anatokea Gungu, anarudi kwa miguu giza likiwa linaingia na bado hakosi.

Sasa juzi tumefika pale Patroclus anapouawa. Kwa ambao hawajasoma, kwa kifupi: Wagiriki wako mwaka wa kumi wa vita pale Troy, mkuu wao Agamemnon kamnyang'anya Achilles mwanamke anaitwa Briseis ambaye jeshi lilimpa kama zawadi yake ya vita. Achilles akasusa. Akatoka vitani yeye na watu wake wote akakaa kwenye meli zake, na sio kukaa tu, kamtuma mama yake Thetis ambaye ni mungu wa baharini akamuombe Zeus mkuu wa miungu Wagiriki wapigwe mpaka wamkumbuke. Wakapigwa kweli. Mpaka Hector na Watroy wanafika kwenye meli na moto. Ndo Patroclus rafiki yake wa tangu utotoni anakuja analia, anamwambia kama we huendi basi nipe mimi silaha zako nivae, wakiniona watadhani ni wewe. Akampa. Hakurudi.

Nilipomaliza kuna binti mmoja wa form three, mkimya, siku zote anakaa pembeni, akanyoosha mkono akasema "Mwalimu huyu si shujaa, huyu kazira tu, wenzake wanakufa yeye kanuna." Wote wakaitikia. Mimi nikakimbilia hasira hasara, yule binti akaniangalia akaniambia kama ni hasira hasara tu mbona mtu kaandika mistari zaidi ya elfu 15, si angesema hayo maneno mawili akaenda kulala. Nikakosa jibu kabisa na nimekosa usingizi kwa hilo jibu.

Naomba mnisaidie. Kasoro za huyu mtu ni zipi hasa, na mnazifundishaje bila kumfanya awe mtoto aliyedeka na bila kumtetea kwa uongo?

Kaka Mwanga

Mwalimu mi naanza kwa kumtetea, na sio kwa uongo. Rudini kitabu cha 1 msome taratibu. Tauni imeua watu siku tisa, wa kwanza kufa ni nyumbu na mbwa halafu watu, kuni za kuchomea maiti haziishi, na mkuu wa majeshi kakaa kimya. Aliyeitisha mkutano siku ya kumi ni nani? Achilles. Aliyemwambia mganga sema ukweli mimi nakulinda hata kama mwenye kosa ni Agamemnon ni nani? Huyo huyo. Na kosa lilikuwa la Agamemnon kweli, kamkatalia mzee Chryses kuhani wa mungu Apollo aliyekuja na mali kumkomboa binti yake, kamfukuza kwa matusi, ndo Apollo akaleta tauni. Sasa mtu kasema ukweli mbele ya watu, malipo yake ni kunyang'anywa kilicho chake mbele ya watu haohao na hakuna aliyefungua mdomo kumzuia. Mzee Nestor alijaribu kidogo, wengine kimya.

Na pale alishika upanga amuue, mungu wa kike Athena akaja kwa nyuma akamvuta nywele, akarudisha upanga kwenye ala. Mtu asiye na uwezo wa kujizuia angemsikia nani? Kwahiyo mwambie binti yako kuzira ilikuwa ndo njia ya pili, ya kwanza ilikuwa damu.

Kosa la kwanza la hii stori ni la bosi. Sisi tunaolipwa mshahara tunalijua hilo bila kufundishwa.

Mpenda Sinema

Mbona mnazunguka, kasoro ya Achilles si kisigino? Mama yake alimchovya kwenye mto akiwa mtoto, alimshika kisigino, pale hapakuingia maji ndo pakapigwa mshale. Kila mtu anajua.

Zamani Chuo

@Mpenda Sinema kaka hiyo ya kisigino haimo kwenye Iliad, hata kifo chake hakimo, kinatabiriwa tu. Farasi wa mbao naye hamo. Habari ya kuchovywa kwenye mto Styx tunaikuta kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 baada ya Kristo, mamia ya miaka baada ya Homer. Ndani ya Iliad yenyewe Achilles anatoka damu kama mimi na wewe, kitabu cha 21 kuna mtu anaitwa Asteropaeus anarusha mikuki miwili kwa pamoja, mmoja unamkwangua mkono wa kulia na damu inachuruzika.

Na hapa ndo pazuri kwa darasa mwalimu. Wanafunzi wako wamesoma tendi, wanamjua Fumo Liyongo, udhaifu wake uko kwenye kitovu, sindano ya shaba, na anayeichoma ni mwanawe wa kumzaa aliyerubuniwa. Ule ni udhaifu wa mwili, siri inatoka, adui anaitumia. Wa Achilles wa Homer hauko mwilini popote, hakuna wa kumuibia siri. Ukiwaambia watafute "kisigino" chake ndani ya maneno anayosema nadhani watakupata haraka kuliko sisi hapa.

Ila angalizo moja, usiwape lile neno la Aristotle, hamartia, ukawaambia ndo "dosari ya shujaa". Aristotle aliandika karne ya 4 kabla ya Kristo, anazungumzia tamthilia, na neno lenyewe liko karibu zaidi na kukosea shabaha kuliko kuwa na tabia mbovu. Homer hajatuandikia orodha ya tabia, neno la kwanza kabisa la shairi lake ni hasira, na ni neno ambalo hasa linatumika kwa hasira ya miungu. Yaani tangu mstari wa kwanza anatuambia hii hasira imezidi kimo cha mtu.

Mwl wa Ujiji

Asanteni sana. @Kaka Mwanga nimeisoma hiyo yako kwa sauti nyumbani mume wangu akasema naam. Lakini bado kuna kitabu cha 9 kinanisumbua. Agamemnon amekubali kakosea, katuma watu watatu, Odysseus, Phoenix aliyemlea Achilles, na Ajax, wanamkuta anapiga kinubi anaimba habari za mashujaa wa kale. Anawapokea vizuri, anawachomea nyama. Halafu wanataja mali: dhahabu talanta kumi, farasi kumi na mbili, masufuria ishirini, wanawake saba wa Lesbos, Briseis mwenyewe anarudishwa na kiapo kwamba hakuguswa, binti wa mfalme wa kuoa na miji saba juu. Na anakataa! Hapo wanafunzi walipiga kelele kweli. Hapo na mimi uvumilivu uliniishia.

Kaka Mwanga

Alikataa kwa sababu aliyekosa hakuja. Mwalimu huku kwetu mtu akikukosea akutumie mjumbe na kitenge na kilo ya sukari yeye mwenyewe kakaa kwake, hapo pameombwa radhi au umenunuliwa? Na kuna kitu kidogo pale watu wanakiruka. Agamemnon alipomaliza kutaja zile mali alimalizia na maneno kwamba huyo mtu anyenyekee kwangu maana mimi ni mfalme zaidi yake na ni mkubwa kwa umri. Odysseus alipofika kwa Achilles akataja mali zote moja baada ya nyingine, yale maneno ya mwisho akayameza. Na Achilles kitu cha kwanza anajibu ni kwamba anamchukia kama milango ya kuzimu mtu anayeficha jambo moja moyoni na kusema lingine. Hajaambiwa, lakini kanusa.

Zamani Chuo

Kweli kabisa, ila tuwe wa haki na kwa Ajax. Hotuba yake ni fupi kuliko zote na ndo iliyompata. Anasema mtu hupokea fidia hata kwa aliyemuulia ndugu au mwana, muuaji analipa anabaki palepale kijijini na aliyefiwa anautuliza moyo wake, sasa we kwa ajili ya msichana mmoja tu moyo wako umekuwa hivyo. Na angalia majibu yake yanavyobadilika usiku uleule: kwa Odysseus anasema kesho asubuhi napakia meli naenda kwetu. Kwa mzee Phoenix anasema tutaamua asubuhi. Kwa Ajax hataji tena kuondoka, anasema sitapigana mpaka Hector afike kwenye meli zangu. Analainika hatua kwa hatua. Na anakiri, anamwambia Ajax umesema kama nilivyokuwa nawaza lakini moyo unavimba nikikumbuka nilivyodhalilishwa mbele ya watu. Anajua wenzake wana haki. Anajua, na hawezi.

Mrina Asali TBR

Salaam kwenu nyote kutoka Tabora. Mimi sio msomi, nilisoma hiki kitabu kwa tafsiri ya Kiingereza mwanangu aliniletea, nilikisoma kwa miezi mingi na kamusi pembeni. Kazi yangu ni nyuki, mizinga ya magome, miaka zaidi ya thelathini sasa. Nimekuja kwa sababu hakuna aliyetaja maneno ya kitabu cha 18 na mwalimu amesema ndo wamefika hapo.

Achilles akishapata habari ya kifo mama yake anatoka baharini kuja kumliwaza, na yeye anamwambia mama laiti ugomvi ungepotea kabisa kwa miungu na kwa watu, na hasira pia, inayomfanya hata mwenye busara awake, ambayo ni tamu kuliko asali inayochuruzika na inajaa kifuani mwa mtu kama moshi.

Mimi hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Asali na moshi kwa pamoja, huyu aliyetunga kama hajawahi kusimama chini ya mti wa nyuki basi alikaa na aliyesimama. Sisi watu wote tunasema hasira ni chungu, hasira ni shubiri, yeye anasema ni tamu. Nitawaambia inavyokuwa juu ya mti. Unapanda jioni, jua limezama, kamba begani, kienge kinafuka mkononi. Unafukiza, unatoa kifuniko cha mzinga, unaingiza mkono, sega la kwanza likitoka asali inakutiririka mpaka kwenye kiwiko, ni ya moto bado ya mzingani, na huwezi kuacha kulamba, hakuna mrina asiyelamba. Na moshi huo huo unaowatuliza nyuki uko machoni mwako, unatoa machozi, huoni vizuri, huoni nyuki walioanza kuingia kwenye mkono wa shati. Vijana wengi wanaumia pale, sio wakati wa kupanda. Wanaumia kwa sababu ya kukaa. Wamepata walichofuata na hawashuki.

Sasa mwalimu ukirudi nyuma utaona Achilles anavyolamba. Kitabu cha 11 kasimama kwenye tezi la meli yake anaangalia wenzake wanavyokimbizwa, wamejeruhiwa, anamwambia Patroclus sasa nadhani watakuja kunishika magoti wakiniomba. Anafurahia. Na kitabu cha 16, siku ileile anamvalisha rafiki yake silaha, anaomba dua kwamba Watroy wote wafe na Wagiriki wote wafe, wabaki wao wawili tu waibomoe Troy. Mimi dua hiyo iliniogopesha kuliko vita vyote vilivyomo. Kukasirika alikuwa na haki, kaka wa Mwanga kasema vizuri. Lakini haki yake ilikuwa imeshaisha muda mrefu, aliyekuwa amebaki pale ni mtu na asali.

Mwl wa Ujiji

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma hii nimesimama jikoni, ugali ukaungua. Kesho nawapelekea hii kama ilivyo.

Mrina Asali TBR

Marahaba mwalimu. Wape na salamu zangu.

Safari Ndefu

Na mimi niongeze kidogo japo ni kwa shujaa mwingine, Odysseus, maana wanafunzi watauliza kama mashujaa wa Homer wote ni wa kuzira. Huyu kasoro yake ni jina. Kamponyoka Polyphemus, lile zimwi la jicho moja lililomla watu sita, kwa akili kubwa, kamwambia mimi naitwa Hakuna Mtu, kalipofua, likipiga kelele wenzake wanauliza nani anakuumiza linajibu Hakuna Mtu. Wameshaingia kwenye chombo wanapiga makasia, wako salama. Halafu anasimama anapiga kelele mimi ni Odysseus mwana wa Laertes wa Ithaca! Mabaharia wanamsihi anyamaze. Zimwi likishapata jina ndo likaweza kumlaani kwa baba yake Poseidon, mungu wa bahari, bila jina laana haina pa kwenda. Aliondoka Troy na meli kumi na mbili akarudi kwao peke yake. Yaani mtu hakuweza kushinda bila kujulikana kwamba ni yeye kashinda. Naishia hapo nisiharibu mada.

Mtu wa Katonga

Mimi nasomaga humu tu huwa siandiki. Naandika leo kwa sababu ya huyo mzee wa asali.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, ziwa Tanganyika, nilianza enzi za karabai kabla ya hizi taa za sola. Miaka kadhaa nyuma nilikosana na tajiri mwenye mtumbwi, wavu ulichanika kwenye mwamba akanikata mgao wangu wa giza zima, yaani siku zote zisizo na mbalamwezi tunazovua, mbele ya wenzangu, na aliyesababisha hakuwa mimi na kila mtu alijua na kila mtu alinyamaza. Nikaacha kwenda. Nikakaa nyumbani. Mimi ndo nilikuwa najua kusoma upepo kwenye ule mtumbwi, bila mimi walikuwa wanarudi na ndoo tatu nne, saa ingine patupu. Na nasema ukweli kwa mara ya kwanza hapa, kila nikisikia wamerudi patupu nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nalala vizuri. Tajiri alituma mtu na hela, nikairudisha, nikasema aje mwenyewe.

Rafiki yangu tuliyekua wote alikuja jioni moja akaniambia acha mi nikushikie zamu mpaka mtapoelewana, watoto wa watu wanalala njaa kule. Nikamwambia we nenda kama unataka. Ilikuwa mwezi wa sita na usiku wa kiangazi ziwani kuna baridi, nikampa koti langu la mvua, la njano, lina kiraka cha tairi begani nilikishona mwenyewe.

Upepo wa kusini ulianza saa nane usiku. Asubuhi walioponea ndoo na maboya walifikishwa ufukweni na mtumbwi mwingine, na koti waliliokota linaelea. Mama yangu alikuwa kwenye vichanja anaanika, akaliona lile koti mkononi mwa mtu. Alichopiga kelele ni jina langu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake hatua kumi, mzima, na sikuweza kuitika.

Mwenzangu tulimpata siku ya tatu.

Sijui Achilles, jina nimelijua humu. Ila pale mwalimu aliposema alivaa za mwenzake ili wadhani ni yeye niliacha kusoma nikaanza tena siku ya pili. Mwambie huyo binti ni kweli alizira, hajakosea neno. Mwambie tu kuzira sio kununa. Ukinuna unaumia wewe.

Kaka Mwanga

Pole sana kaka. Pole sana. Mimi sina la kuongeza, nilikuwa nimetetea kwa mdomo mwepesi.

Zamani Chuo

Pole ndugu yetu. Kuna mstari kitabu hichohicho cha 18, Achilles anamwambia mama yake nimekaa hapa kwenye meli, mzigo wa bure juu ya ardhi. Nilikuwa nausoma kama maneno ya kishairi tu. Sitausoma hivo tena.

Mwl wa Ujiji

Wadau ni mimi tena, wiki imepita. Kaka wa Katonga nilikuomba ruhusa pembeni ukanipa, niliwasomea bila kutaja mahali wala mtumbwi. Sitaeleza walivyokuwa. Yule binti aliomba niirudie sehemu ya koti, nikarudia. Baba yake ni mvuvi, sikuwa najua.

Tuliendelea mpaka mwisho na nataka niwaambie tulichokiona maana kasoro haikuishia kwa Patroclus, ilizidi. Anapatana na Agamemnon kitabu cha 19 lakini hasira haijaisha, imehama tu, sasa iko kwa Hector na kwa kila Mtroy. Anakataa kula. Kuna kijana Lycaon anamshika magoti hana silaha, aliwahi kumkamata zamani akamuuza akiwa hai, safari hii anamwambia rafiki yangu kufa na wewe, mbona unalia hivyo, Patroclus naye amekufa na alikuwa bora kuliko wewe. Anamuita rafiki! Halafu anamuua. Wanafunzi walibishana nusu saa kama lile neno rafiki ni kejeli au ni kweli. Mimi nasema ni kweli na ndo inatisha. Hector anamuomba waapiane tu kwamba atakayeshinda atarudisha maiti ya mwenzake, anajibiwa hakuna kiapo kati ya simba na watu. Akamtoboa miguu akampitisha kamba akamburuta nyuma ya gari la farasi, siku baada ya siku. Vijana kumi na wawili wa Troy akawachinja kwenye moto wa maziko ya Patroclus, na hapo Homer mwenyewe anasema aliwaza mabaya moyoni. Sikutetea kitu hapo. Niliwaambia huyu mtu ameoza kwa majonzi na mshairi haturuhusu tuangalie pembeni.

Halafu kitabu cha 24. Mzee Priam, baba yake Hector, anakuja usiku kambini kwa adui na gari la mali, anaingia, anashika magoti ya Achilles na kumbusu mikono, na anasema nimefanya ambalo hakuna mtu duniani amewahi kulifanya, nimeweka mdomo wangu kwenye mkono wa mtu aliyeniulia mwanangu. Anamwambia mkumbuke baba yako. Wanalia wote wawili, mzee anamlilia Hector, Achilles anamlilia baba yake, saa ingine Patroclus. Chini ya mwembe palikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia honi ya treni kule stesheni.

Na huyu aliyekataa fidia ya mfalme kitabu cha 9 anapokea fidia ya mzee. @Kaka Mwanga ulichosema ndo hicho, huyu alikuja mwenyewe.

Sasa nina swali la mwisho na ni la mzee wa Tabora. Baada ya kulia vile, Priam anaharakisha, anasema usinikalishe kwenye kiti wakati Hector amelala bila kuzikwa, na Achilles anamkata jicho anamwambia mzee usinichokoze, nisije nikakuua humuhumu ndani. Halafu anatoka, anawaambia wajakazi waioshe maiti mbali, Priam asiione, kwa sababu mzee akiiona atashindwa kuzuia hasira yake na mimi nitashindwa kuzuia yangu. Ndo anaibeba Hector mwenyewe kwa mikono yake anamuweka kwenye machela, anarudi anamkaribisha mzee chakula, anamuuliza unahitaji siku ngapi za maziko nizuie jeshi. Yule binti wa form three ndo kauliza na mimi nimeshindwa: nyuki wakishafukizwa moshi, hasira yao inaisha au inalala?

Mrina Asali TBR

Mwambie binti amesoma vizuri kuliko mimi, hapo kwenye kuosha maiti mbali nilipita haraka.

Inalala. Nyuki akisikia moshi anadhani msitu unaungua, anakimbilia kunywa asali ya kuhamia nayo, akishajaa tumbo anakuwa mzito, hapo unafanya kazi yako. Muda wenyewe sio mrefu, unausikia kwenye sauti, ule mvumo unapanda kidogo. Mrina anayejua kazi akisikia hivyo hamalizi sega lililobaki. Anarudisha kifuniko taratibu bila kugonga, anashusha ndoo kwanza, halafu yeye.

Huyo Priam aliondoka usiku uleule nadhani, kabla hakujapambazuka?

Mwl wa Ujiji

Ndio mzee. Hermes mjumbe wa miungu alimuamsha, akamfungia farasi, akamtoa kambini bila mtu kumuona. Siku kumi na moja walipewa za kuzika.